Kijiji cha mlangoni mwa mto: kujipanga kabla maji hayajashuka kutoka vilimani

Jumatatu ya tarehe 16 Agosti 2004, kijiji cha Boscastle katika pwani ya kaskazini ya Cornwall, Uingereza, kilikuwa kimejaa watalii. Ni kijiji cha kupigwa picha: nyumba za mawe, kibandari kilichojificha kati ya miamba, gati la mwaka 1584, na mto mdogo wa Valency unaokatiza katikati. Mvua ilianza mchana. Alasiri mto ulipanda mita 2 kwa saa moja, ukang'oa miti, ukabeba magari kwa makumi hadi baharini na kubomoa nyumba. Helikopta 7 ziliwaopoa watu takriban 100, wengi wao juu ya mapaa. Hakufa hata mmoja.

Miaka 52 nyuma yake, usiku wa kuamkia tarehe ileile ya 16 Agosti, mwaka 1952, kijiji cha Lynmouth kilicho pwani hiyohiyo upande wa Devon kilipigwa vilevile, na watu 34 walikufa. Mvua zilikaribiana na mabonde yanafanana. Tofauti mbili kubwa ni kwamba Lynmouth maji yalikuja gizani, na hakukuwa na helikopta. Kijiji cha pwani yetu ya Afrika Mashariki kijipange kwa hesabu ya Lynmouth, kwa sababu huku helikopta si kitu cha kutegemea.

Yanayofuata yanahusu kijiji chochote kilichokaa pale mto mfupi unapoingia baharini huku vilima vikiwa nyuma yake. Mito mirefu kama Rufiji au Tana hutoa notisi ya siku kadhaa. Mto mfupi hutoa dakika.

Usitazame mbingu ya kwako

Kosa la kwanza la watu wa pwani ni kupima hatari kwa mvua inayowanyeshea wao. Siku ile Boscastle, kipimo cha Otterham, kijiji cha vilimani nyuma ya pwani, kilisoma milimita 200. Lakini kati ya vipimo kumi vilivyo karibu zaidi, vinne vilipata chini ya milimita 3. Pepo za baharini zilikutana kwenye mstari mmoja sambamba na pwani, na wingu moja likimaliza kunyesha jingine lilikuwa tayari limeshazaliwa mahali palepale. Kwa kulinganisha, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huita mvua kubwa ile inayozidi milimita 50 kwa saa 24.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kulijua dakio lako, yaani eneo lote ambalo mvua yake huishia kwenye mto wenu. Fungua ramani ya simu yenye mistari ya miinuko, fuata migongo ya vilima pande zote mbili za mto hadi ikutane juu, kisha kadiria ukubwa kwa kilomita za mraba. Ukishapata namba hiyo, hesabu ni nyepesi: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Dakio la Valency ni kama kilomita 20 za mraba, sawa na mita za mraba milioni 20. Milimita 100 zikianguka humo na ardhi isinywe kitu, zinashuka lita bilioni 2. Zote hizo zinatafuta njia chini ya daraja moja.

Ardhi hunywa kiasi, bila shaka. Lakini ikiwa imeshaloa kwa wiki nzima ya masika, au ni mteremko uliofyekwa ukabaki mtupu, hainywi sana. Milimita 40 za Machi mwanzoni na milimita 40 za Mei mwanzoni si mvua moja, ingawa kopo litasoma sawa.

Mtu wa juu na kopo lake

Mnahitaji angalau watu wawili wanaokaa juu bondeni, kila mmoja na kipimo cha mvua na simu. Kipimo si lazima kinunuliwe. Kopo lolote lenye kuta zilizonyooka wima na kitako bapa linatosha, pamoja na rula ya shule. Liwekwe juu ya kigingi kama mita 1 kutoka ardhini, mbali na nyumba na miti kwa umbali usiopungua mara mbili ya urefu wa nyumba au mti huo. Likiwekwa chini ya michirizi ya paa linasema uongo, na chini ya mwembe hivyohivyo. Kopo lililopanuka juu na kusinyaa chini, kama ndoo nyingi, halifai maana milimita za kitakoni si sawa na za mdomoni.

Anzeni na viwango hivi, kisha mvirekebishe kadiri mnavyoujua mto wenu: milimita 20 ndani ya nusu saa, mtu wa juu anapiga simu, milimita 40 ndani ya saa moja, nyumba za bondeni zinahama bila kusubiri kuona maji. Kama ardhi imeshaloa, punguzeni viwango vyote kwa nusu.

Simu hiyo inawanunulia muda gani? Pimeni. Maji ya mafuriko kwenye mto wenye mteremko huenda kama mita 3 kwa sekunde, wakati mwingine zaidi. Mtu akiwa kilomita 5 juu ya kijiji, mita 5,000 ugawe kwa 3 ni sekunde 1,667, yaani dakika 28. Hapo toeni dakika za kupiga simu, kubishana na kuamini. Zinabaki kama 20.

Mnara wa simu nao hukatika umeme mvua kubwa inapopiga, hivyo pawe na sauti isiyotegemea mtandao. Kipaza sauti cha msikiti chenye betri ni kizuri kuliko vyote. Bila hicho, baragumu au debe linalogongwa kwa mdundo ambao kila mtu ameshausikia kwenye zoezi. Mdundo huo usitumike harusini wala kwenye mpira, maana mbiu ikizoeleka haistui tena.

Mstari mwekundu kwenye nguzo ya daraja

Huu ndio ulinzi wa bei ndogo kuliko wote, nao hufanywa vibaya karibu kila mahali. Watu huchora mstari mwekundu pale maji yanapoanza kumwagika kingoni. Maji yakifika hapo muda wa kuhama umekwisha, na rangi imebaki kuwa pambo.

Fanyeni hivi. Kwanza tafuteni kizingiti cha nyumba iliyo chini kuliko zote. Kwa bomba la plastiki linaloona ndani, lililojazwa maji (lile la mafundi ujenzi la kupimia usawa), hamishieni usawa wa kizingiti hicho kwenye nguzo ya daraja na mweke alama. Pili, fanyeni zoezi la kuhama mkiwa na wazee, watoto na mgonjwa mmoja wa kubebwa, mhesabu dakika. Tuseme mmetumia 25. Mto wa Boscastle ulipanda mita 2 kwa saa, ambayo ni sentimita 10 kila dakika 3. Kwa dakika 25 maji yanapanda sentimita 83. Basi mstari mwekundu ukae mita 1 chini ya ile alama ya kizingiti; sentimita 17 zilizozidi ni za mtu aliyechelewa kuangalia. Kutoka hapo kwenda juu na chini pigeni alama kila sentimita 10 kwa rangi ya mafuta, namba ziwe kubwa za kusomeka kwa tochi kutoka upande wa pili.

Anayeangalia ahesabu dakika kati ya alama mbili. Mwendo wa kupanda ndio unaosema zaidi kuliko kimo. Dakika 30 kwa alama moja, endelea kuangalia. Dakika 5, piga mbiu hata kama mwekundu bado uko mbali.

Daraja ndilo linalofurisha kijiji

Maji peke yake mara nyingi hupita. Kinachozamisha kijiji ni maji yaliyobeba vitu yakakutana na tundu dogo. Chukua daraja lenye uwazi wa mita 4 kwa upana na mita 2 kwenda juu. Ni mita za mraba 8. Kwa mwendo wa mita 3 kwa sekunde, hupitisha mita za ujazo 24 kila sekunde, ambazo ni tani 24. Kilele cha Boscastle kilikadiriwa kufikia mita za ujazo 180 hivi kwa sekunde. Sasa weka mti mmoja uliolala kikingamo, juu yake matawi, godoro, gari dogo. Uwazi unabaki nusu, kisha robo. Maji yanayosukumwa nyuma hupanda, yanaacha mkondo na kushika barabara, na barabara ya kijiji ikishageuka mto hakuna ukuta uliojengwa kuuhimili. Kizuizi kikiachia ghafla, wanaoishi chini ya daraja hupigwa na wimbi.

Boscastle magari yaliegeshwa kwenye uwanja tambarare kando ya mto, upande wa juu wa daraja. Maji ya sentimita 30 yanatosha kulegeza gari dogo, na sentimita 60 hubeba magari mengi. Ukarabati uliofuata ulianzia hapohapo: mkondo ulipanuliwa na kuchimbwa chini zaidi, uwanja wa magari ukainuliwa, na daraja la chini likajengwa jipya lenye nafasi kubwa.

Kijiji kisicho na fedha ya daraja jipya kina panga na mikono. Mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Februari kabla ya masika na mwishoni mwa Septemba kabla ya vuli, tembeeni kilomita 2 kwenda juu kutoka darajani. Kila mti ulioanguka ukatwe vipande visivyozidi nusu ya upana wa daraja, ili hata vikisombwa vipite, halafu vikokotwe mbali na kingo. Msiache kuni zilizokatwa zikiwa zimepangwa ukingoni. Mto utazipanga upya darajani. Miti hai yenye mizizi iliyoshika ukingo msiing'oe, ila kateni matawi yanayoning'inia juu ya maji. Magari, matrekta ya kukokota, mapipa matupu na mitungi ya gesi visikae tambarare ya mtoni msimu wa mvua. Ngalawa na mitumbwi ivutwe juu ya mstari wa mafuriko, maana ikikatika kamba hujipachika darajani kikingamo vizuri kuliko mti.

Neno moja kuhusu makalavati. Watu hupenda kuweka wavu mdomoni ili takataka zisiingie. Wavu huo hujaa majani ndani ya dakika kumi na kalavati linakuwa ukuta. Kama lazima muwe na kizuizi, kiwe ni nguzo nene zilizoachana kama mita 1, zimekaa mita 20 au zaidi juu ya kalavati, mahali ambapo maji yakifurika yataingia shambani badala ya sebuleni.

Bamvua

Kwetu kuna jambo la kuongeza. Pwani ya Unguja, tofauti ya maji kujaa na kupwa siku za bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa kupita kawaida, hukaribia mita 4. Bahari ikiwa imejaa, mto hauna pa kumwagia, na mafuriko hukaa kijijini saa mbili au tatu zaidi. Bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na siku hizo pwani yetu maji hujaa kwenye saa kumi za alfajiri na za jioni. Wavuvi wanajua haya bila jedwali. Mvuvi mmoja awemo kwenye kamati, na siku za bamvua mstari mwekundu ushushwe alama mbili.

Dalili na mwendo wa kuhama

Maji kubadilika ghafla kutoka meupe kuwa ya udongo, yakibeba majani mabichi na vijiti, ni dalili kwamba kingo zimeanza kumomonyoka huko juu. Mngurumo kama wa lori usiokwisha ni mawe yanayobiringika. Dalili mbaya kupita zote ni ile inayowafurahisha watu: mvua inaendelea lakini mto umepungua. Kuna mahali pameziba juu. Hapo msingoje simu.

Hamieni juu kwa kuupa mto mgongo, yaani mpande mteremko moja kwa moja, msifuate barabara inayoshuka na mto kuelekea ufukweni. Maji yaendayo kasi yakifika vifundoni na kuzidi kidogo, sentimita 15 tu, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Asiyehama mapema katika nyumba ya mawe au zege yenye ghorofa apande ghorofani, tena mahali penye tundu la kutokea paani. Kwenye dari isiyo na njia ya kutoka amejifungia. Nyumba ya miti na udongo haina juu wala chini: ukuta ukishaloa kiunoni hulegea, basi wenye nyumba hizo ndio watoke wa kwanza. Kabla ya kutoka, zima mein swichi kama unaifikia ukiwa pakavu. Tanzania piga 114 kwa Zimamoto na Uokoaji au 112 kwa Polisi. Kenya 999, au 1199 kwa Msalaba Mwekundu.

Maji yakishaondoka

Nyumba kwanza. Piga picha za kila chumba na alama ya maji ukutani kabla ya kugusa kitu. Umeme usiwashwe mpaka fundi afungue soketi na swichi zote zilizozama, maana tope hukaa ndani hata nje pakikauka. Tope litolewe siku hiyohiyo likiwa bichi. Likikaa siku tatu juani linakuwa tofali. Osha kuta kutoka juu kwenda chini kwa maji na sabuni, halafu pitisha dawa: sehemu 1 ya jiki ya asilimia 3.5 kwa sehemu 16 za maji hutoa klorini ya asilimia 0.2, inayotosha kwa sakafu na kuta. Klorini juu ya tope haina kazi, inaliwa na uchafu. Isichanganywe na siki wala dawa nyingine ya choo, kwani hutoa hewa ya sumu.

Kisima ndicho kinachoua polepole. Kila kisima kilichoingiwa na maji ya mafuriko kihesabiwe kuwa na choo ndani yake, hata maji yakionekana maangavu. Fuata mpangilio huu:

1. Safisha kwanza pembeni: ondoa tope, ziba nyufa za sakafu ya kisima, chimba kimfereji cha kuelekeza maji mbali.
2. Toa maji polepole kwa ndoo au pampu hadi tope liishe. Kuna sababu mbili za polepole. Udongo wa nje bado umejaa maji na unasukuma. Ukikausha kisima haraka, ukuta unaweza kuporomoka. Na pwani, maji baridi yameelea juu ya maji ya chumvi, hivyo ukivuta kwa pupa unavuta bahari. Maji yakianza kuonja chumvi, simamisha siku nzima.
3. Pampu ya petroli au dizeli isishushwe kisimani kamwe. Moshi wake hauonekani na huua mtu kwa dakika chache, kisha humuua anayeshuka kumwokoa. Asishuke mtu bila kamba kiunoni na watu wawili juu.
4. Sugua kuta kwa klorini ya asilimia 0.2, kisha acha maji yarudi.
5. Pima kipenyo na kina cha maji. Kipenyo mara kipenyo, mara 0.785, mara kina, hupata mita za ujazo. Kisima cha kipenyo cha mita 1.2 chenye maji ya mita 2.5 kina kama mita za ujazo 2.8.
6. Koroga gramu 50 za klorini ya unga ya asilimia 70 kwenye ndoo ya plastiki ya lita 20. Mimina lita 10 za mchanganyiko huo kwa kila mita 1 ya ujazo. Kwa kisima chetu ni lita 28, karibu ndoo moja na nusu. Unga uwekwe majini, si maji juu ya unga, nawe uvae glavu.
7. Funika, acha usiku kucha, kisha chota na mwaga mbali na mto na mimea hadi harufu kali iishe.

Dawa hiyo huua vilivyomo siku hiyo tu. Choo cha jirani kikiendelea kuvuja, wiki ijayo kisima kimerudi palepale. Kwa hiyo maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa nyumbani mpaka yapimwe maabara, na vyoo vilivyobomoka vifukiwe au vijengwe upya upande wa chini wa kisima, umbali usiopungua mita 30.

Mwisho kuta. Nyumba za zamani za pwani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, vitu vinavyopumua. Mafuriko yakipita, fundi mwenye haraka atapiga plasta ya saruji ili nyumba ionekane mpya. Saruji hufungia unyevu na chumvi ndani ya jiwe. Baada ya miezi plasta inavimba, inabanduka, na inaondoka na uso wa jiwe. Kwangua plasta iliyolowa hadi nusu mita juu ya alama ya maji, fungua milango na madirisha, piga mswaki chumvi nyeupe inayojitokeza bila kuiosha kwa maji, na usubiri. Ikifika wakati wa kupiga lipu, tumia chokaa na mchanga wa nchi kavu, si wa ufukweni.

Kujua kama ukuta umekauka, chukua kipande cha nailoni inayoona chenye ukubwa wa daftari, kibandike ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne, kiache usiku mzima. Asubuhi ukikuta matone kwa ndani, ngoja wiki mbili upime tena.